Mtoto alale na nani? Historia ya usiku wa watoto wachanga Kivu na Ituri

Mstari wa ikweta unapita Kivu ya Kaskazini, si mbali na mji wa Butembo. Kwa sababu hiyo jua huzama karibu saa kumi na mbili za jioni mwaka mzima, iwe Januari, iwe Julai. Kabla ya umeme na kabla ya taa ya simu, giza lenyewe ndilo lililopanga saa ya kulaza watoto. Hakuna mama wa Masisi, wa Walungu au wa Fizi aliyehitaji saa ya ukutani kujua kama mtoto amechelewa kulala. Kuku wakishaingia na moto ukishakokwa, mtoto naye siku yake imeisha.

Leo familia nyingi zinalaza watoto mahali ambapo si kwao: kwenye darasa la shule, kwenye sebule ya jamaa, chini ya shitingi, au ng'ambo ya mpaka. Watu wengi wanasema vita vimeharibu desturi zote za nyumbani. Kuhusu usiku wa watoto maneno hayo ni kweli nusu tu. Ukifuata historia, utaona kwamba swali la mtoto alale wapi na alale na nani limegombaniwa tangu zamani, na mara nyingi waliogombana na akina mama walikuwa watu wenye nia nzuri.

Tuanzie milimani. Kwenye miinuko ya Kivu, usiku ni baridi. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vijiji vingi vya Masisi, vya Kabare na vya Minembwe viko juu zaidi. Nyumba ya zamani ya miti, udongo na majani ilikuwa na moto ndani, na katika nyumba nyingi mbuzi au ndama walilala humo humo. Moshi ulikausha macho, lakini joto lilikuwepo. Mtoto mchanga alioga maji ya moto jioni, akapakwa mafuta, akanyonya, kisha akabebwa mgongoni. Hapo ndipo wengi walipolala kweli: mgongoni, mama au dada akiendelea kupepeta maharagwe au kusonga bugali. Usingizi ukishakuwa mzito, mtoto alishushwa polepole mpaka kwenye mkeka, bado amefungwa ndani ya kikwembe kile kile chenye harufu ya mama. Kila mzazi wa hapa anajua ugumu wa dakika ile ya kumshusha.

Usiku mtoto alilala ubavuni mwa mama na kunyonya alipotaka, bila mama kuamka kabisa. Hali hiyo iliendelea miaka miwili, mara nyingi zaidi. Mimba nyingine ilipokuja, au mtoto alipoachishwa ziwa, mara nyingi alihamia kwa nyanya yake. Hiyo haikuwa adhabu. Kwa nyanya kulikuwa na joto, hadithi, na wakati mwingine kiazi kilichofichwa ndani ya majivu. Watu wazima wengi wa Kivu, ukiwauliza walikolala walipokuwa wadogo, hawataji kitanda. Wanamtaja mtu.

Wanyarwanda wa Rutshuru na Masisi wana jina maalum la nyimbo za kulalisha, ibihozo, kutoka neno lenye maana ya kutuliza na kufariji. Jina hilo linasema mengi, kwa sababu wimbo huo hautungiwi mtoto mwenye usingizi peke yake. Ndani yake mama huweka majina ya ukoo, huzuni ya ndoa, ng'ombe waliokufa, shukrani kwa mkwe au malalamiko juu yake. Mtoto haelewi, lakini aliye nyuma ya ukuta anasikia. Katika makabila mengi ya Maziwa Makuu, mwanamke aliyekatazwa kusema jambo mbele ya wazee aliweza kuliimba gizani akiwa na mtoto begani, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Katika msitu wa Ituri mambo yalikuwa mengine kidogo. Waefe, mojawapo ya jamii za mbilikimo wanaoishi humo, walitembelewa na watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1987 Edward Tronick, Gilda Morelli na mwenzao walichapisha matokeo yaliyowashangaza wasomi wa Ulaya na Marekani: mtoto wa Efe, tangu siku zake za kwanza, hashikwi na mama yake peke yake. Anapita mikononi mwa wanawake wengi wa kambi, na wengine wenye maziwa humnyonyesha. Wakati huo vitabu vingi vya ng'ambo vilifundisha kwamba mtoto mchanga anahitaji mtu mmoja tu, na kwamba kumpitisha kwa wengi kutamvuruga. Waefe hawakuwa wamesoma vitabu hivyo.

Waliochunguza usingizi wao walieleza pia kwamba ni nadra Mwefe kulala peke yake. Ndani ya kibanda cha majani hulala baba, mama, mtoto mchanga, watoto wengine, labda nyanya na mgeni, miguu ikigusana, moto ukiwa karibu. Mtu akisikia mazungumzo mazuri nje, anaamka na kujiunga. Akisikia ngoma, anacheza. Kisha anarudi kulala. Mtoto aliyekulia hapo hajui kwamba usingizi ni jambo la ukimya. Anajua kwamba sauti za watu ni dalili ya usalama, na pengine kimya ndicho cha kuogopa. Hili litarudi mbele, tukifika kwenye kambi za Goma.

Saa ya kulala ilikuwa pia saa ya hadithi. Sehemu nyingi za eneo hili ilikuwa mwiko kusimulia hadithi mchana, na sababu yake ya kazi ni wazi: anayesikiliza hadithi mchana halimi. Watoto walikaa kuzunguka moto, wadogo wakasinzia kabla ya mwisho, na kesho yake wakaomba ile ile. Kule Walikale, Wanyanga walikuwa na masimulizi marefu zaidi, ya watu wazima, yaliyoimbwa na kuchezwa. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, aliandikisha utenzi wa Mwindo kutoka kwa msimulizi Shekarisi Rureke, kisha akauchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, msomi ambaye ni Mnyanga mwenyewe. Shujaa wake ni mtoto mchanga ambaye baba yake hamtaki. Anazaliwa tayari anatembea, tayari anasema. Haukuwa utenzi wa kulalisha watoto, kwani ulichukua siku nyingi kumalizika. Lakini ni vigumu kukuta mahali pengine ambapo watu wazima walitumia siku nzima nzima kusikiliza habari za mtoto mchanga asiyekubali kuuawa.

Kisha ukaja ukoloni, na pamoja nao mizani.

Serikali ya Wabelgiji na makampuni yake ziliogopa kwamba watu wa Kongo wanapungua na wafanyakazi watakosekana. Walipotafuta sababu, walikuta desturi ya akina mama kunyonyesha miaka miwili au mitatu bila kulala na mume, na wakaamua kwamba hapo ndipo tatizo lilipo. Mtoto anakaa mno kwenye ziwa na kwenye mkeka wa mama, walisema, ndiyo maana wazazi hawazai haraka, na ndiyo maana mwanamume anatafuta mke wa pili. Mwaka 1912 iliundwa ligi ya kuwalinda watoto weusi, na vituo vya kupima uzito wa watoto na kugawa maziwa vikaanza kuenea. Tusiseme vilikuwa vibaya tupu. Watoto waliokuwa wanakufa kwa kuhara au malaria walipona humo. Lakini ushauri uliotoka hapo ulikuwa mmoja: mwachishe mapema, mlishe kwa saa, mtenganishe na mwili wako usiku.

Mahali ambapo ushauri huo ulipata nguvu kuliko popote ni Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilitaka wanaume tu. Katika miaka ya 1920 ilibadili mpango. Iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto kambini anakaa kazini muda mrefu, na kwamba mtoto wake atakuwa mfanyakazi wa kesho. Daktari Léopold Mottoulle aliongoza siasa hiyo. Akina mama walitakiwa kupeleka watoto kupimwa, na chakula cha watoto kilitolewa chini ya macho ya wauguzi ili kampuni iwe na hakika kimeliwa. Usiku wa familia, jambo lililokuwa la nyanya na shangazi, ukawa sehemu ya hesabu za mgodi.

Nyanya na shangazi hawakuwepo kambini. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko mizani. Wafanyakazi walitolewa Kasai, Lomami, Maniema, na kati ya mwaka 1925 na 1930 hivi wengine walitolewa Ruanda-Urundi. Mke kijana alifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akiwa na mtoto mmoja na jirani asiyejua lugha yake. Mtoto alipolia usiku, aliyebisha hodi alikuwa mke wa jirani, na lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili. Watoto waliolala katika nyumba zile ndio waliokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mama Katanga. Wasomi wa lugha huandika sana juu ya migodi, jeshi na shule. Pengine wangefaa kuandika pia juu ya wanawake wawili mbele ya mlango mmoja saa tano usiku, wakibembeleza mtoto wa mmoja wao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vilienea vituo vilivyoitwa foyers sociaux, kwa ajili ya wake za wafanyakazi na makarani wa mijini. Cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kilianza mwaka 1946. Wanawake walijifunza kushona, kupiga pasi, kupika, kuogesha mtoto, kufuma nguo zake, na walimu waliwatembelea majumbani kuangalia kama nyumba imepangwa kama walivyofundishwa. Nyumba bora ilikuwa ile ya baba, mama na watoto, kila mmoja na mahali pake. Mengi ya masomo hayo yalisahaulika pamoja na ukoloni. Lakini kofia ndogo ya sufu, ambayo mtoto wa Bukavu au wa Goma huvalishwa jioni hata kama hakuna baridi, bado ipo, na hakuna mama anayeiona kuwa kitu cha kigeni. Desturi huchagua zenyewe kinachobaki.

Jibu la kisayansi kwa wale waliowalaumu akina mama lilitoka Kivu hapa hapa. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyojulikana kama IRSAC, makao yake yakiwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Kivu ikawa mahali pa kuchunguza utapiamlo wa watoto, uzazi na kunyonyesha, na kazi hiyo iliendelea baada ya uhuru. Mwaka 1977 daktari Delvoye na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya akina mama wa Kivu. Walipima damu yao na kukuta kwamba mama anayenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku, homoni ya maziwa inabaki juu kwa zaidi ya mwaka, na homoni hiyo huchelewesha mimba nyingine. Kwa maneno mengine, mtoto anayelala ubavuni na kunyonya mara kwa mara anajilindia nafasi yake mwenyewe. Walichokiita uzembe kilikuwa mpango wa uzazi. Nyanya wa Kabare hawakuhitaji kupima damu ili kulijua hilo, ingawa ni vizuri kwamba iliandikwa.

Miaka ya 1990 ilileta usiku wa aina nyingine. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki tano waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu juu ya mawe meusi ya volkano, mahali ambapo hata kaburi halichimbiki. Ndipo neno shitingi likaingia katika lugha ya kila siku, hema la plastiki lililogawiwa na mashirika. Tangu mwaka 1996 Wakongomani wenyewe wakawa chini ya shitingi. Mwaka huo ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, kwa ajili ya waliokimbia kutoka Fizi na Uvira. Waliofika huko mgongoni mwa mama zao sasa wanalaza watoto wao wenyewe huko huko. Kisha Nyiragongo ililipuka, tarehe 17 Januari 2002 na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mara ya pili watu walikimbia wakati watoto wengi wamekwisha kulala. Walibebwa bila viatu, wengine wakapotezana na wazazi gizani kwenye barabara ya Sake na ya Gisenyi, na ilichukua siku nyingi kuwaunganisha.

Kati ya misukosuko hiyo, kitu kipya kilichoingia kitandani na kubaki ni chandarua chenye dawa. Tangu miaka ya 2000 vimegawiwa kwa kampeni kubwa, nyumba kwa nyumba. Vimeokoa watoto wengi, hilo halina ubishi, kwani malaria bado ni muuaji mkubwa wa watoto wa Kongo na mbu wake huuma usiku. Kwenye Ziwa Tanganyika vingine viliishia kuvua ndagala, na mashirika yalikasirika. Lakini chandarua kimetengenezwa kwa ajili ya chumba chenye dari na kitanda. Ndani ya kibanda ambacho mtu mzima hawezi kusimama, kinagusa uso wa mtoto, na kikigusa ngozi mbu anauma kupitia matundu. Na ikiwa kuna mbabula ya makala karibu, kinaweza kuwaka. Mbabula yenyewe ni hatari nyingine: moto wa zamani ulikuwa kwenye nyumba ya majani inayopitisha hewa, ila plastiki haipitishi. Makala yanayowaka ndani ya shitingi iliyofungwa yanaweza kuua familia nzima usingizini, bila moshi na bila harufu ya kuwaamsha. Jiko lizimwe au litolewe nje kabla ya kulala, hata usiku wa mvua.

Tangu mwaka 2022 hadi mwanzo wa 2025, mamia ya maelfu ya wahami waliishi katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine kuzunguka Goma. Vibanda viligusana. Mtoto wa kibanda kimoja akilia, vibanda vitano viliamka. Wageni waliona msongamano, na msongamano ulikuwepo kweli, pamoja na hatari zote kwa wasichana na wanawake. Lakini jambo waliloliona watafiti kwa Waefe lilikuwepo pia. Sauti ya jirani akikohoa, akiomba, akimwimbia wake, iliwaambia watoto kwamba watu wapo. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, wengi wao wanawake na watoto. Mlio wa silaha ukawa sauti ambayo mtoto wa miaka mitatu aliweza kuitofautisha na radi.

Mwaka huo huo ukaja ugonjwa uliogusa moja kwa moja swali la mtoto alale na nani. Aina mpya ya mpox ilikuwa imetambuliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, kuanzia Septemba 2023. Katikati ya mwaka 2024 ikafika kwenye kambi za Goma, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Ugonjwa huambukiza kwa kugusana ngozi, na kwa shuka na nguo zenye majimaji ya vidonda. Watoto wadogo walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Chanjo zilipoanza kutolewa Goma mwezi wa Oktoba, za kwanza zilikuwa kwa watu wazima. Ushauri wa waganga ulikuwa sahihi: mgonjwa alale peke yake, asichangie blanketi. Safari hii si kampuni ya mgodi iliyosema, na sababu haikuwa hesabu ya wafanyakazi. Lakini familia ya watu saba yenye blanketi mbili ingefanya nini? Mtoto wa miaka miwili mwenye homa hakubali kulala peke yake, na mama wa Kivu hajui namna ya kumwacha. Wengine walimfunga mtoto ndani ya kikwembe chake cha peke yake na kumlaza pembeni karibu nao, kisha wakachemsha kikwembe hicho asubuhi. Waganga wenye busara waliwasaidia kufanya hivyo badala ya kuwagombeza.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Kambi za kuzunguka Goma zilivunjwa kwa siku chache, watu wakaambiwa warudi vijijini. Wengine walivuka mto Rusizi kuingia Burundi na kulala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kabla ya wengi kupelekwa Musenyi. Waliorudi Masisi na Rutshuru, wengi walikuta nyumba bila paa au hakuna nyumba kabisa. Usiku wa kwanza walifanya walichofanya babu zao: majani makavu ya migomba chini, kikwembe juu yake, watoto katikati na watu wazima pembeni upande wa mlango. Chandarua, kwa aliyefanikiwa kukibeba, kilifungwa kwenye vijiti vinne, kikachomekwa chini ya majani pande zote ili kisimguse mtoto. Kofia ya sufu ikavutwa mpaka masikioni, maana kule juu baridi ya saa tisa za usiku haijabadilika.